Kanuni Isiyo na Mpaka

Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia kwamba ukurasa ulikuwa unafifia. Alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi, mimi niko Lewisville, karibu na Dallas, nakunja nguo za wiki nzima, yeye yuko Stafford, pembeni mwa Houston, nyumbani kwa kaka yangu. Baada ya kunijulia hali na kuwaulizia wajukuu wake akasema, "Hebu nambie, ule ukurasa wa watu wa mitungi umekuwaje? Saa zao za kufungua zilikuwa zimeandikwa pale chini. Sasa hazipo."

"Labda wameziondoa, Mama."

"Hawajaziondoa. Nafasi yake ipo. Ni kama mtu kafuta ubao kwa kitambaa kikavu."

Nilicheka. Nikamwahidi kwamba Jumatatu nitaangalia, tukahamia mambo mengine.

Mapafu ya mama yalichoka tangu tuko Mombasa, kwa miaka aliyopika maandazi ya biashara kwenye moshi wa kuni. Huku Texas aliishi na mashine ndogo iliyokaa kando ya kitanda chake, ikivuta hewa ya chumbani, ikiichuja, ikimpelekea oksijeni puani kwa mpira mrefu uliomfuata hadi jikoni. Mashine ile ilitaka umeme. Kwa ajili ya kutoka nyumbani, au umeme ukikatika, kulikuwa na mitungi ya oksijeni iliyopangwa pembeni mwa kabati. Kampuni moja ya Houston ndiyo iliyokuwa ikimletea kwa gari, na nyumbani hatukuwa tukiiita kwa jina lake. Tuliwaita watu wa mitungi.

Mimi nafanya kazi Richardson, huko huko pembeni mwa Dallas, katika ofisi ndogo inayotengeneza tovuti za kampuni za watu. Watu wa mitungi walikuja kuwa wateja wetu kwa bahati tu, mama akiwa mteja wao tayari, nami nilifurahi mno. Niliona kwamba kwa mara ya kwanza kazi yangu ingefika mikononi mwa mama, akaitumia na asijue wapi imetoka.

Lazima nieleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hilo yaliyotokea hayaeleweki. Ukurasa wa tovuti una maneno, na una kanuni zinazosema maneno hayo yavae nini: rangi gani, ukubwa gani, yakae wapi. Kanuni hizo tunaziandika kwa lugha iitwayo CSS. Ni lugha nyepesi, mtu hujifunza misingi yake kwa siku chache. Lakini ina tabia moja ambayo huwaponza hata wazoefu. Kanuni haijui iko nyumba gani. Ukiandika "aya ziwe nyeupe", haikuulizi aya zipi. Itazipaka nyeupe aya za ukurasa mzima, isipokuwa zile zilizopewa rangi zao kwa kanuni yenye nguvu zaidi. Ukitaka iishie katika sehemu moja tu, ni lazima uiwekee mpaka. Unaipa sehemu ile jina, na kila kanuni inaanza kwa jina hilo. Au unatumia njia mpya iliyokuja miaka hii, ya kuiambia kompyuta waziwazi kwamba kanuni hizi zinaanzia hapa na zinakoma pale.

Aliyeandika kanuni ile alikuwa mkuu wangu wa kazi. Ni Mtanzania kutoka Moshi, mtu wa kanisa, mpole, aliyeniita dada tangu siku ya kwanza nami nikamwita kaka. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Watu wa mitungi walikuwa wameomba sehemu mpya katika ukurasa wao, ya kuonyesha familia za wagonjwa wao. Kaka akaweka picha kubwa ya bibi mmoja amekaa bustanini na wajukuu, majani ya kijani kilichokolea nyuma yao yakikaribia weusi, na juu ya picha akaandika maneno mazuri kwa herufi nyeupe. Aliifanya kazi ile kwa haraka, kwa sababu baba yake alikuwa amefariki Moshi na ndege yake ilikuwa inaondoka kesho yake. Ndani ya kanuni za sehemu ile aliandika kwamba aya ziwe nyeupe. Hakuandika mpaka.

Sehemu ikatoka inapendeza. Wateja wakaandika kutushukuru. Kaka akaenda kumzika baba yake, akarudi amekonda, na hakuna aliyefikiria tena jambo lile.

Jumatatu niliyomwahidi mama niliufungua ukurasa nikiwa ofisini. Saa za kufungua hazikuonekana. Nikatazama maneno ya ndani, nikayakuta yapo mahali pake, herufi moja haijapungua. Yalikuwa yamevaa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe.

Nikamwita kaka. Akainama juu ya bega langu, akatazama, akaguna. "Aah, hii ndogo. Ipe rangi yake nyeusi, imekwisha."

Nikaipa. Ikaonekana.

Wiki kadhaa baadaye mgonjwa mmoja akawapigia watu wa mitungi kulalamika kwamba maelezo ya kusafisha mpira wa pua yamepotea. Yalikuwa meupe. Tukayapa weusi. Kisha likapotea neno dogo lililokaa chini ya namba ya simu, linalosema namba ile haipokelewi siku za Jumapili. Nalo tukalipa weusi wake. Kila mara tuliziba tundu moja, na kila mara nilibaki na hisia mbaya, kama ya mtu anayepanguza maji sakafuni na hajui bomba lililopasuka liko ukuta gani. Ila mimi ukuta nilikuwa naujua.

Nikamwambia, "Kaka, tatizo si haya maandishi. Tatizo ni kanuni ya ile sehemu ya familia. Haina mpaka. Imetoka nje, inatembea ukurasa mzima."

"Najua, dada."

"Basi tuifunge."

Akavua miwani, akajisugua macho. "Tangu iandikwe, tumeshaongeza vitu vingi juu yake. Ukiifunga leo, hapa patapona, kule kutaanguka, na hatutajua kule ni wapi mpaka mteja apige simu. Mkataba mpya unakuja. Tutauandika ukurasa wote upya kwa utulivu. Vumilia kidogo."

Hakuwa anasema upuuzi. Ndivyo kazi yetu ilivyo, na nimeona watu wakivunja tovuti nzima kwa kutaka kurekebisha kona moja. Lakini tangu siku ile nilianza kuziogopa nafasi nyeupe. Nilipitia ukurasa ule kutoka juu hadi chini, nikiburuta kipanya juu ya kila pengo, maana maandishi meupe ukiyaburutia kipanya hugeuka buluu kwa nyuma na kujitokeza. Sikuona kingine. Kila kilichokuwepo kilionekana. Nikatulia kidogo, si sana.

Kiangazi kikaingia. Dallas jua likawa linachoma lami, na huko kusini ghuba iliyo karibu na Houston ikaanza kupika vimbunga vyake. Kilipotangazwa kimoja kwamba kinaelekea Houston, nikampigia mama nikamwambia nakuja kumchukua.

"Uje kwa barabara ipi? Watu wote wanatoka, barabara zimejaa. Utalala njiani."

"Kaka yuko wapi?"

"Kaka yako yuko na lori lake Tennessee, na mkewe kafuatana naye, wamewazuia wasije huku. Usijitie wasiwasi. Mitungi ninayo, na watu wa mitungi wameahidi kuleta mingine kimbunga kikishapita. Na Ami yupo jirani."

Ami si ndugu yetu wa damu. Ni mzee wa Kizanzibari anayeishi nyumba ya pili kutoka kwa kaka yangu, yeye na mkewe. Alikuwa dereva wa teksi Houston kwa miaka mingi, mpaka kisukari kikamchukua macho yote mawili. Alipopofuka hakukaa kitako kulia. Alikwenda kwenye mafunzo ya watu waliopoteza macho, akajifunza kutembea kwa fimbo na kutumia simu inayosoma. Yeye hupitisha kidole juu ya kioo cha simu, na sauti ya mwanamke inamtajia kila kilichoandikwa pale kidole kilipo. Alikuwa mteja wa watu wa mitungi vilevile, kwa ajili ya mashine yake ya kumsaidia kupumua usingizini, na kila asubuhi baada ya chai aliusikiliza ukurasa wao kama watu wengine wanavyosikiliza taarifa ya habari.

Kimbunga kikapita. Alfajiri mama akanipigia kuniambia kwamba paa lipo, mti wa jirani umeanguka juu ya uzio, na umeme hakuna mtaa mzima. Mashine yake ilikuwa imenyamaza. Alikuwa amehamia kwenye mtungi.

"Mingapi imebaki?"

"Ya kutosha. Leo wanaleta."

Nikaenda kazini. Nakumbuka anga ya Richardson asubuhi ile ilikuwa safi kabisa, bila hata utepe wa wingu, na watu kwenye maegesho ya magari walikuwa wakiulizana mechi ya jana. Nilikaa mezani nikiwa na simu mbele yangu. Watu wa mitungi walikuwa wamewatangazia wagonjwa wao kabla ya kimbunga kwamba simu zao huenda zikazidiwa, kwa hivyo kila mtu autazame ukurasa, na mabadiliko yoyote ya magari yatawekwa hapo. Mimi niliufungua mapema. Picha ya bibi na wajukuu ilikuwepo. Sikuona tangazo. Nikasema moyoni, basi magari yanakuja.

Kadiri asubuhi ilivyosonga ndivyo nilivyozidi kumpigia mama. Gari halijafika. Gari bado. Labda miti imeziba njia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini alianza kupumzika katikati ya sentensi, na mimi namjua, hupumzika hivyo anapokuwa amepunguza hewa ya mtungi ili idumu.

Halafu akapiga yeye. "Zungumza na Ami yako," akasema. "Nafikiri kimbunga kimemvuruga. Amesimama hapa mlangoni yeye na mkewe, ananiambia nivae tutoke."

Nikamsikia Ami akipokea simu. "Assalamu alaykum, mwanangu."

"Waalaykum salaam, Ami. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Magari ya mitungi hayatoki leo. Ghala lao moja limeingia maji. Wamesema kila mgonjwa aende mwenyewe, au amtume mtu, kwenye ghala la pili, na watafunga saa nane mchana. Mama yako hataki kuniamini."

Nyuma yake nikamsikia mama. "Nimeutazama ukurasa huo toka asubuhi! Mimi nina macho. Pale hapana kitu, peupe tu."

"Ami, umeyasikia wapi?"

"Kwenye ukurasa wao. Simu imenisomea. Nikairudisha, ikanisomea tena. Mimi sikuota, mwanangu."

Mikono yangu ilikuwa tayari kwenye kompyuta. Nikaufungua ukurasa upya. Chini ya jina la kampuni, juu ya ile picha nzuri, palikuwa na ukanda mweupe. Asubuhi nilikuwa nimeuona nikadhani ni nafasi tu. Nikaubonyeza kwa kipanya nikaburuta, na maneno yakajitokeza kwenye ule ubuluu, mstari kwa mstari, kama mifupa kwenye picha ya eksirei. Magari yetu hayatatoka leo. Usisubiri nyumbani.

Sijui nilisema nini. Kaka alinyanyuka mezani kwake akaja.

"Nini?"

"Sanduku la tahadhari," nikamwambia. "Limevaa nyeupe."

Ndilo ambalo sikuliona nilipokuwa nikipitia ukurasa kwa kipanya. Sanduku lile hutokea siku ya shida tu. Siku nyingine zote halipo, kwa hivyo halikuwa na kosa la kuonekana. Kanuni ilikuwa imekaa ikilingoja. Simu ya Ami haisomi rangi. Inasoma maneno, na maneno yalikuwepo.

"Mungu wangu," kaka akasema, akakaa kwenye kiti cha jirani yangu bila kuuliza ni cha nani.

Nikarudi kwenye simu. "Mama, mfuate Ami. Sasa hivi. Ni kweli anachosema."

"Lakini mimi nimetazama..."

"Najua umetazama. Maandishi yapo, hayaonekani tu. Nakuomba, Mama, nenda."

"Basi nivae baibui," akasema.

Kaka aliandika rangi nyeusi kwa sanduku lile pale pale, na baada ya dakika chache tangazo likawa linaonekana duniani kote. Safari hii kuziba tundu ndiko kulikotakiwa, hapakuwa na wakati wa jingine. Kisha akawapigia watu wa mitungi kwa namba ya meneja wao. Meneja hakumwelewa. Alisema tangazo lipo, analiona mbele yake, jeusi kabisa. Na ni kweli alikuwa akiliona, kwa sababu mahali wanapoandikia matangazo ni chumba cha ndani cha tovuti, na kanuni ile haifiki huko. Kaka ikabidi amweleze kwamba hadi dakika chache zilizopita wagonjwa walikuwa wakiona ukanda mweupe mtupu, na amwombe aamini neno lake. Hatimaye yule bwana akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mlipoliweka," kaka akamjibu.

Wakaanza kuwapigia wagonjwa mmoja mmoja. Lakini mitaa mingi haikuwa na mtandao wala umeme wa kuchajia simu. Na hata wenye simu, walikuwa wameshatazama. Mtu aliyeutazama ukurasa asubuhi akakuta hakuna habari, hakuwa na sababu ya kuutazama tena mchana. Alikuwa amekaa nyumbani kwake anangoja gari, ametulia, kama mama yangu alivyokuwa.

Mke wa Ami ndiye aliyeendesha. Yeye huendesha kwenda dukani na msikitini tu, barabara kubwa haziwezi. Mama alikaa nyuma na mtungi wake miguuni, simu yake ikichajiwa kwenye gari, na akaniacha hewani nisikilize. Nikaiweka simu mezani, nikamsikia Ami akimwongoza mkewe kutoka kichwani mwake, katika mji ambao alikuwa hajauona kwa miaka.

"Usiingie hapo chini ya daraja. Maji hukaa. Pinda kulia."

"Taa za barabarani zimezimika zote, sijui wapi ni wapi!"

"Hesabu makutano basi, usitazame taa. Kuna kanisa lenye maegesho makubwa, umeliona?"

"Nimeliona. Lina mti umelala mlangoni."

"Pita mbele yake. Polepole. Polepole, mama."

Nikasikia maji yakipiga chini ya gari, na mama akimtaja Mola wake. Kisha Ami akauliza, "Bi mkubwa, mshale wa mtungi uko wapi?"

"Umeingia kwenye nyekundu," mama akajibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyowahi kuisikia.

Halafu simu ikakatika.

Nilipiga, haikuingia. Nikapiga ya Ami, haikuingia. Kaka akaniletea maji, nikayashika nisiyanywe. Nje watu walikuwa wakienda kula chakula cha mchana, wamevaa miwani ya jua. Nilijaribu kumpigia kaka yangu Tennessee, akapokea, tukakaa kwenye simu wote wawili, yeye akisikia mimi napumua na mimi nikisikia injini za malori. Mwishoni nikamwambia tu kwamba Mama yuko njiani na Ami, nitampigia.

Simu ya mama ilipolia nusura niiangushe.

"Tumefika," akasema. Alikuwa anahema, lakini kuhema kwake kulikuwa na nguvu. "Nimepata. Mtu mmoja amenibadilishia mtungi nikiwa garini, Mungu ambariki."

"Alhamdulillahi. Ami yuko wapi?"

"Amekaa kivulini na mkewe, anakunywa soda na sukari yake ile." Akavuta hewa. "Mwanangu, hapa pana jambo silipendi. Wanaita majina kutoka kwenye orodha, wampe kila mtu mitungi yake. Wanaita, wanaita. Majina hayaitikiwi."

Nikamuuliza watu waliofika ni wengi au wachache. Akasema mitungi iliyopangwa ni mingi, watu waliopo ni wachache, na wafanyakazi wameanza kutazamana.

Umeme wa Stafford ulirudi baada ya siku kadhaa. Kaka yangu alifika kabla ya hapo, na jenereta. Mama alilala sana wiki ile, lakini akapona, na akaanza tena kulalamikia chumvi ya chakula cha mke wa kaka yangu, ambayo ni dalili yake ya afya. Nilimwendea mwisho wa wiki. Tulipokaa peke yetu nikamweleza kila kitu: kwamba ukurasa ule ni kazi ya ofisi yetu, nani aliandika kanuni, lini, na kwa nini alikuwa na haraka. Nilitarajia aniulize mambo mengi. Aliuliza moja.

"Huyo mwenzio, baba yake alimuwahi?"

"Alimzika tu. Hakumkuta hai."

"Mpe pole yangu," akasema. "Na umwambie nimepona, asije akajua habari za wagonjwa wengine tu."

Maana habari za wengine zilikuwa zimeanza kuja. Watu wengi walifikiwa kwa simu au na majirani. Bibi mmoja aliyeishi peke yake katika nyumba ya kupanga alikutwa na jirani yake ameanguka kando ya dirisha lililotazama barabara. Alikaa hospitali muda mrefu. Aliishi, ila hakurudi tena nyumbani kwake, alipelekwa kwenye makao ya kutunzwa. Hakuna aliyesema kwa kinywa chake kwamba ni kwa sababu ya ukurasa. Wanasheria wa pande zote walituambia tusimpigie, tusiende, tusiandike. Kaka aliniambia siku moja kwamba ameendesha gari hadi Houston, mpaka nje ya makao yale, akakaa humo garini, akarudi. Nilimpa salamu za mama. Akazipokea kwa kuinamisha kichwa, kisha akasema, "Haya, tuifunge."

Tuliifunga kanuni ile kwa mchana mmoja. Tuliipa sehemu ya familia jina lake, tukaizungushia mpaka, tukaamuru kwamba kilicho ndani kiwe cheupe na kilicho nje kisiguswe. Yale aliyoyaogopa, kwamba kule kutaanguka, yalitokea kidogo sana, tukayainua. Halafu tukapita sehemu zote nyingine za ukurasa, moja baada ya nyingine, tukiziwekea mipaka hata zile ambazo hazikuwa na kosa.

Katikati ya kazi akasimamisha mikono juu ya kibodi.

"Dada," akasema, "ile sehemu niliinakili."

"Uliinakili wapi?"

Ilikuwa imependeza, ndiyo sababu. Wateja wengine walipoiona wakaitaka na wao: picha kubwa ya familia, maneno meupe juu yake. Naye aliwapa, pamoja na kanuni zake, kama unavyompa jirani mbegu za mchicha. Tukakaa kuzifungua tovuti zile. Kanuni ilikuwemo kila mahali, imetulia, haijafanya ubaya wowote unaoonekana. Tukaifunga katika tovuti zote tulizokuwa na funguo zake, yaani nywila za kuingilia ndani.

Moja hatukuwa na funguo zake. Ilikuwa ya kliniki ndogo ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, upande wa mashariki wa Houston. Walikuwa wameondoka kwetu, wakachukua tovuti yao na kila kilichomo. Niliufungua ukurasa wao. Familia yao ilikuwa ya mwanamume na binti zake, wamekaa kwenye ngazi za nyumba yenye kivuli. Herufi nyeupe zilisomeka vizuri sana.

Niliwapigia mimi. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza ni nani anayeshughulikia tovuti yao siku hizi.

"Kwa sasa hakuna mtu," akanijibu. "Ilishatengenezwa. Inafanya kazi vizuri tu."

Nikamwomba anipe barua pepe ya mkubwa wao. Jioni ile niliandika marekebisho yote, mistari michache tu, nikawaeleza yabandikwe wapi na kwa nini yasicheleweshwe. Hawakujibu. Mwezi uliofuata, ghuba ilipoanza tena kutajwa kwenye taarifa za hali ya hewa, niliwapigia kwa mara ya pili, na sauti iliyorekodiwa ikaniambia kwamba namba hiyo haitumiki tena.